Mbio Ambazo Hazikukimbiwa

Juni 2020, ligi ya Uingereza iliporejea baada ya kusimama kwa sababu ya korona, nilitazama mchezo mmoja katika kibanda umiza mjini Same. Kabla ya mpira kuanza, wachezaji wa timu zote mbili walipiga goti. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti kutoka nyuma: "Siasa wapeleke bungeni, sisi tumelipia mpira!" Watu wakacheka. Hakuna aliyenyanyuka kudai hela yake, na kijana mwenyewe alibaki hadi filimbi ya mwisho.

Kauli yake nimeikuta pia katika insha za wanafunzi wangu, ila humo huja imevaa suti na tai. Ushahidi wao hutoka Marekani. Mwaka 2016 Colin Kaepernick alikataa kusimama wakati wa wimbo wa taifa, akipinga jinsi polisi wanavyowatendea watu weusi. Msimu huo watazamaji wa ligi ya NFL katika televisheni walipungua kwa takriban asilimia 8, na msimu wa 2017 kwa takriban asilimia 10. Basi, husema, mwanamichezo akishika siasa, mtazamaji hushika rimoti. Husahau kwamba 2016 ulikuwa mwaka wa Trump na Clinton, uchaguzi uliomeza macho ya nchi nzima. Kwamba vijana walikuwa wakihamia kwenye simu. Na kwamba msimu wa 2018 watazamaji waliongezeka tena kwa takriban asilimia 5. Hawakurejea pamoja na Kaepernick. Tangu 2017 hakuna timu ya ligi hiyo iliyompa mkataba.

Lakini ugomvi wa asilimia haunisumbui sana. Kinachonisumbua ni historia inayodhaniwa nyuma yake: kwamba palikuwa na zama ambapo michezo ilitufikia ikiwa safi, kisha siasa ikaingia na kuichafua. Sisi Watanzania ndio wa mwisho kupaswa kuamini jambo hilo.

Fikiria mbio tunazojivunia kuliko zote. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi, kijana wa Karatu na askari wa JWTZ, aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Nyuma yake alikuwa John Walker wa New Zealand, na wa tatu Ben Jipcho wa Kenya. Kisichosimuliwa ni hiki: mwaka mmoja kabla yake, Michezo ile ya Jumuiya ya Madola ilikuwa hatarini kususiwa na nchi za Afrika, kwa kuwa timu ya raga ya Afrika Kusini, iliyochaguliwa kwa ubaguzi, ilitarajiwa kuzuru New Zealand. Aprili 1973 Waziri Mkuu Norman Kirk aliizuia ziara hiyo. Bila uamuzi huo wa kisiasa, Bayi huenda asingekanyaga Christchurch. Siasa ndiyo iliyotupa zile mbio.

Na siasa ikazichukua zile zilizofuata. Mwaka 1975 Bayi aliivunja rekodi ya maili mjini Kingston, Jamaika. Miezi mitatu haikutimia, Walker akaivunja yake. Dunia nzima ikawa inasubiri Olimpiki ya Montreal, Julai 1976. Wakati huo New Zealand ilikuwa na serikali nyingine, ya Robert Muldoon, ambayo haikuizuia timu yake ya raga kwenda Afrika Kusini, wiki chache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi tarehe 16 Juni. Baraza Kuu la Michezo Afrika lilitaka New Zealand itolewe Montreal. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Nchi zaidi ya 20 zikajitoa, Tanzania ikiwa mojawapo ya zilizokuwa mbele. Walker alishinda dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, mwendo ambao Bayi wa Christchurch angeuona wa matembezi.

Milimani Upare, kama kwingineko Tanzania Bara, hapakuwa na televisheni. Tuliingoja ITV hadi 1994. Mashabiki wa wakati huo walikuwa wasikilizaji, na redio ya Montreal haikuwa na Bayi. Hapo ndipo hoja ya wanafunzi wangu inapogeuka juu chini. Mwaka 1976 kupungua kwa cha kutazama hakukuwa adhabu ya siasa. Ndiyo iliyokuwa silaha yenyewe.

Wapare hawakuhitaji kufundishwa silaha hiyo. Januari 1945, wakipinga kodi ya viwango iliyopewa jina la kale la mbiru, waliteremka kwa maelfu hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Hawakuchoma ofisi. Mashamba yalibaki bila wenyewe kwa miezi mingi. Mwaka uliofuata wanawake nao wakajitokeza, wakimtaka mkuu wa wilaya amalize shauri ili waume zao warudi, la sivyo achukue yeye nafasi yao. Kodi ile hatimaye ikaondolewa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, ameiandika habari hiyo vizuri kuniliko.

Tofauti ipo, nayo haifai kufichwa. Waliokaa Same walijiamulia. Kaepernick alijiamulia. Bayi aliamuliwa. Wako wanaokumbusha kwamba alikuwa ameugua malaria karibu na siku zile na pengine asingeshinda, huenda. Naamini serikali ilikuwa sahihi, na mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana huko Gleneagles kuzuia michezo na Afrika Kusini. Lakini bili ya usahihi huo ilipelekwa kwa kijana mmoja wa miaka 23, na sijui kama tumewahi kumpa risiti.

Februari 1980 ikaja zamu ya Marekani kutususisha. Rais Carter alimtuma Muhammad Ali hadi Dar es Salaam, atushawishi tusiende Moscow kwa sababu ya Afghanistan. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Ali aliulizwa kwa nini Afrika iigomee Moscow ilhali Marekani haikuigomea Montreal, naye, kwa uungwana wake, akakiri kwamba swali hilo lilikuwa na haki.

Marekani haikwenda. Kituo cha NBC, kilichokuwa kimenunua haki za matangazo, kikafuta karibu vipindi vyote vya michezo ile. Macho ambayo magoti ya Kaepernick hayakuweza kuyafumba, Ikulu ya Washington iliyafumba kwa uamuzi mmoja. Hivyo Wamarekani wengi hawakumwona Suleiman Nyambui akichukua fedha ya mita 5,000, wala Bayi akichukua fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akiwa ametangulia karibu njia nzima. Hata Upare hawakumwona. Waliisikia habari, kwa redio, kwamba amekuwa wa pili, katika mbio ambazo hazikuwa zake.