Ufukwe wa kukaa uchi: Nani anaamua kutenga ardhi ya umma?

Kuna watu ambao starehe yao ni kuota jua na kuogelea bila nguo hata moja. Wenyewe hujiita wanaturisti, na wanasisitiza kuwa jambo hilo halihusiani na ngono. Wakifanya hivyo kwenye eneo lao binafsi, wengi hawana neno. Ishu inaanza wanapoomba kipande cha ufukwe au bustani ya umma, kwa sababu hiyo ni mali ya wote, wakiwemo wasiotaka kabisa kuona mtu yuko uchi.

Baadhi ya miji imekubali ombi hilo. Kwingine limezua mgogoro wa miaka. Haya ndiyo mambo ya kujua.

Kutenga eneo ni kufanya nini hasa?

Si kuuza ardhi, wala kukipa chama hatimiliki. Eneo linabaki la umma, na kwa kawaida hata aliyevaa nguo anaruhusiwa kuingia. Kinachobadilika ni kanuni: ndani ya mpaka uliowekwa, kukaa uchi si kosa. Ukivuka mpaka, sheria ya kawaida inakuhusu kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo uamuzi huo unaruhusu na kuzuia kwa wakati mmoja. Mwanaturisti anapata mahali pake, na familia isiyopenda inajua mapema ipite wapi.

Wapi imefanyika?

- Brighton, Uingereza: Ufukwe wa kukaa uchi ulifunguliwa rasmi Aprili 1980, baada ya mabishano makali kwenye baraza la mji. Uko upande wa mashariki, na tuta la kokoto linawakinga waogeleaji na macho ya wapita njia.

- Miami, Marekani: Sehemu ya kaskazini ya ufukwe wa Haulover imekuwa ya hiari ya nguo tangu 1991. Hifadhi hiyo ni ya serikali ya mtaa. Kuna vibao vya kumtahadharisha mgeni kabla hajafika, waokoaji wapo, na sehemu nyingine ya ufukwe inabaki kwa wanaovaa nguo.

- Munich, Ujerumani: Kanuni ya jimbo la Bavaria kuhusu kuoga uchi ilipokwisha muda wake, jiji halikukaa kimya. Mwaka 2014 lilitunga kanuni yake na kutaja maeneo sita, likiwemo moja ndani ya bustani kubwa ya Englischer Garten.

- Paris, Ufaransa: Mwaka 2017 jiji lilitenga kona ya msitu wa Bois de Vincennes kwa majaribio ya wiki chache kwanza. Vibao viliwekwa, na wanaokuja kuchungulia wenzao wakaambiwa hawatavumiliwa.

Mpenjati: kesi ya Afrika Kusini

Mwaka 2014, halmashauri ya Hibiscus Coast, pwani ya kusini ya KwaZulu-Natal, iliridhia ombi la chama cha wanaturisti la kutumia sehemu ya ufukwe wa Mpenjati. Waliounga mkono walisema watalii wataongezeka. Baadhi ya wakazi na makanisa wakapinga, wakitaja maadili na imani.

Mzozo ukafika kwa Mlinzi wa Umma, ofisi inayochunguza malalamiko dhidi ya vyombo vya serikali. Mwaka 2017, Busisiwe Mkhwebane aliyeshika wadhifa huo alitoa ripoti iliyokosoa namna halmashauri ilivyofikia uamuzi wake. Kufikia hapo, Hibiscus Coast yenyewe ilikuwa imeshaunganishwa na halmashauri jirani kuwa Ray Nkonyeni, na mgogoro ukarithiwa.

Ukiangalia vizuri, watu walibishana kuhusu uchi, lakini kilichokwenda kuchunguzwa ni utaratibu. Kura ya madiwani peke yake haikutosha kuumaliza ubishi.

Maswali ya kujibiwa kabla ya kibao kusimamishwa

1. Ardhi ni ya nani kisheria: halmashauri, hifadhi au serikali kuu? Asiye na mamlaka nayo hawezi kuitenga.
2. Nani analitumia eneo hilo sasa? Wavuvi, wakazi na wafanyabiashara wasisikie habari baada ya uamuzi kupita.
3. Sheria ya nchi inasemaje? Kanuni ndogo ya halmashauri haiwezi kufuta sheria ya Bunge.
4. Mpaka unaonekana? Mtu aliyeongozana na watoto apate onyo mapema, siyo akishafika.
5. Nani atasimamia? Wapiga picha za siri na wanaofanya ngono hadharani ndio huharibu sifa ya maeneo haya, na wanaturisti wenyewe huwa wa kwanza kulalamika.

Majaribio ya muda, kama yale ya Paris, yana faida moja: yakishindikana, kibao kinang'olewa. Ruhusa ya kudumu iliyotolewa haraka haraka ni kazi zaidi kuirudisha nyuma, na pande zote mbili huishia kuhisi zimeonewa.