Uchumi wa afya: kinasomwa nini, unapitia wapi, na kwa nini mtoto wa Uyole asiuogope

Niko Uyole, hapa njia panda ya Tukuyu na Iringa. Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana wa huku wananiuliza swali lile lile: "Kaka, huo uchumi wa afya ndiyo nini, na unasomwa wapi?" Nimeona niandike jibu mara moja likae hapa, maana wengi wanajaza fomu za chuo kwa kusikia jina tu.

NILIVYOUJUA KABLA SIJAUSOMA

Mama yangu alikuwa anauza viazi mviringo. Mwaka mmoja tulijiunga na mfuko wa afya ya jamii, na kwa bahati nzuri hakuna aliyeugua. Mwaka uliofuata mama akasema hela ile ilikwenda bure, hatulipi tena. Mwaka huo huo mdogo wangu akavunjika mguu. Tukauza viazi vyote kwa bei ya hasara, hadi vya mbegu. Mguu ulipona, ila msimu uliofuata shamba nusu lilibaki tupu.

Nilipofika chuo nikakuta haya yote yana majina na hesabu zake. Matumizi ya matibabu yakizidi asilimia 10 ya matumizi yote ya kaya, kwa kipimo kinachotumika sana, hayo huitwa matumizi ya maangamizi. Sisi tulikuwa tumeyapita mbali. Siku hiyo nilikaa kimya darasani.

KWA KIFUPI NI NINI?

Ni elimu ya kuchagua pale ambapo hela, wauguzi, dawa na muda havitoshi. Swali lake kubwa si "tunabanaje matumizi?" kama wengi wanavyodhani. Swali ni: shilingi hii tukiiweka hapa, tumeacha kumtibu nani kule?

Andiko linalotajwa sana kama mwanzo wa fani hii ni la Kenneth Arrow, Mmarekani, la mwaka 1963. Alionyesha kwamba matibabu hayafanani na soko la nyanya. Kwenye nyanya unajua unachotaka. Hospitali, anayekuuzia huduma ndiye anayekuambia unahitaji nini, na wewe hujui utaugua lini. Arrow alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1972.

UTAKUTANA NA NINI DARASANI?

1. Msingi wa uchumi: maikro, makro, hisabati na takwimu. Ekonometriki inafuata, na hapo ndipo wengi wanapolia. Usiikwepe, ndiyo chombo chako cha kazi.

2. Bima. Hapa utajifunza kwa nini kaya yetu ilikuwa tatizo kwa mfuko. Wazima wakijitoa na wagonjwa wakabaki, mfuko unakauka. Mfano wa karibuni ni Toto Afya Kadi ya NHIF, iliyokuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 NHIF ilisitisha kusajili mtoto mmoja mmoja, ikieleza kuwa wengi waliosajiliwa walikuwa tayari wagonjwa na matumizi yamezidi michango. Wazazi walilalamika sana, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini hesabu nayo ilikuwa ya kweli. Mwanafunzi wa uchumi wa afya anatakiwa azione pande zote mbili.

3. Kupima faida dhidi ya gharama. Nitoe mfano wa kubuni. Njia A ya kutibu ugonjwa fulani inagharimu milioni 12 na kuokoa miaka 40 ya maisha. Njia B inagharimu milioni 15 na kuokoa miaka 70. Mwanafunzi mgeni anagawa 15 kwa 70 na kumaliza. Kosa! Unaangalia nyongeza: milioni 3 zaidi zimeleta miaka 30 zaidi, yaani shilingi 100,000 kwa kila mwaka ulioongezeka. Halafu unauliza hizo milioni 3 zingefanya nini kwingine.

4. Historia na sera zetu wenyewe. Hospitali za serikali zilianza uchangiaji wa gharama mwaka 1993. Mfuko wa afya ya jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, sheria yake ikaja 2001. NHIF ilianzishwa kwa sheria ya 1999. Mwaka 2018 mfuko wa jamii uliboreshwa, mikoani kaya ya watu hadi 6 ikalipa shilingi 30,000. Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Ongeza hati punguzo za vyandarua za mwaka 2004, na mjadala uliofuata: uuze kwa punguzo au ugawe bure? Ukiyajua haya vizuri, mtihani wa sera haukutishi.

UNAPITIA WAPI?

Tuwe wakweli: shahada ya kwanza yenye jina hilo kamili ni adimu, hata nje ya nchi. Njia ya kawaida ni kusoma shahada ya uchumi, kwa mfano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dodoma au Mzumbe, ukachagua somo la uchumi wa afya kama lipo na utafiti wako wa mwaka wa mwisho ukaufanya kwenye afya. Njia ya pili ni usimamizi wa mifumo ya afya, kama ile shahada ya Mzumbe. Ubobezi wenyewe mara nyingi huja kwenye shahada ya pili.

Wa EGM ana mwanzo mzuri. Wa PCB na CBG msidharau BAM, inaweza kuwa ndiyo tiketi yenu. Sifa za kujiunga hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa TCU wa mwaka wako mwenyewe, siyo wa kaka yako.

KAZI JE?

Mifuko ya bima, wizara, Bohari ya Dawa, taasisi za utafiti kama Ifakara, na halmashauri zinazoandaa mipango yao ya afya kila mwaka. Ajira si za kumwagika, nisikudanganye. Anayejua takwimu vizuri ndiye anayeitwa kwanza.

MTAJI WAKO NI HUKU HUKU

Usione aibu kutoka kijijini. Mtu wa Rungwe anayepita hapa kwenda hospitali ya rufaa Mbeya anabeba nauli, chakula cha anayemuuguza na siku za shamba zilizopotea. Hizo zote ni gharama ingawa hazimo kwenye risiti. Mkulima ana hela wakati wa mavuno, halafu anadaiwa mchango wa bima mwezi wa njaa. Anayepanga ofisini asipolijua hilo, mpango wake utakwama.

Mama bado ananiuliza kama hela ile ya mwaka wa kwanza ilikwenda bure. Namjibu hapana, mama, ilimtibu mtoto wa jirani. Ananitazama, halafu anasema, "Basi mngetuambia hivyo tangu mwanzo."

Mwenye nyongeza au marekebisho, karibu. Naomba kuwasilisha.