Sauti ya Mke katika Nyimbo za Kantri: Tatizo la Kusoma Kupita Kiasi

Nyimbo za kantri za Marekani zimezoeleka kuhakikiwa kana kwamba ni hati za ndoa. Anayeimba huchukuliwa kuwa ndiye anayeungama, na wimbo huhesabiwa kuwa nasaha kwa wanandoa. Historia ya nyimbo chache tu yatosha kuutilia shaka usomaji huo.

Mwaka 1952 Hank Thompson alitamba na "The Wild Side of Life", wimbo ambamo mwanamume anamlaumu mke aliyemwacha akafuata anasa za vilabuni. Ulikaa kileleni mwa orodha ya kantri kwa majuma 15. Mwaka huohuo Kitty Wells aliujibu kwa lahani ileile: waume wanaojifanya makapera ndio wanaowaharibu wanawake. Redio ya NBC iliupiga marufuku wimbo huo, na jukwaa la Grand Ole Opry likamzuia kwa muda kuuimba. Hata hivyo, ukawa wa kwanza wa mwimbaji wa kike peke yake kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya kantri ya Billboard. Msomaji aliyeyazoea malumbano ya Muyaka na washairi wa Lamu hatashangaa, kwani mwenye kujibu hubanwa na hoja, na mara nyingi na bahari, ya aliyemtangulia. Ukali wa Wells ni ukali wa jibu kabla ya kuwa ukali wa mke. Isitoshe, maneno yalitungwa na mwanamume, J. D. Miller. Wells mwenyewe aliolewa na Johnnie Wright mwaka 1937, na ndoa hiyo ilidumu hadi mume alipofariki mwaka 2011.

Kinyume chake ni Tammy Wynette, aliyeolewa mara 5. "Stand by Your Man", aliyoitunga na Billy Sherrill mwaka 1968, ilishutumiwa na watetezi wa haki za wanawake kuwa ni wito wa utii. Januari 1992 Hillary Clinton aliitumia katika televisheni kama mfano wa mke ambaye yeye hakuwa. Wynette alilalamika, akaombwa radhi. Ni nadra shutuma hizo kugusa kejeli iliyomo wimboni: mume anasamehewa kwa sababu ya udhaifu wake wa kiume, sifa ambayo si ya kujivunia. Wala hazikumbuki kwamba mwaka huohuo wa 1968 Wynette alitamba pia na wimbo wa mama anayeitaja talaka herufi kwa herufi ili mwanawe asielewe.

Hata hivyo, kudai kwamba yote ni mchezo wa jukwaani tu kungekuwa kosa jingine. Lahani ya Wells ndiyo aliyoiimba Roy Acuff kwenye jukwaa hilohilo la Opry mwaka 1938, ikiwa imebeba wimbo wa dini. Kilichozuiwa mwaka 1952 ni maneno, tena yakiwa kinywani mwa mwanamke.