Amani: Msitu Ulioizidi Umri Hifadhi Yake

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, katika milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Misitu sita ya serikali, ikiwamo ya Kwamkoro na Kwamsambia, iliunganishwa ikawa eneo moja la zaidi ya hekta 8,000. Hayo ni ya kwenye makaratasi. Kisa chenyewe kinaanza na kahawa iliyogoma.

Miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani waliona miti mirefu, wakadhani udongo wake una rutuba. Wakafyeka, wakapanda kahawa, ikadhoofu. Rutuba ya Amani iko kwenye miti yenyewe na majani yanayooza chini yake. Ukikata mti umeondoka na mbolea. Mwaka 1902 wakoloni wakafungua hapo taasisi ya utafiti wa mimea, na bustani ya miche kutoka pande nyingi za dunia. Miti ya kwinini ililipa: katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa upande wa Wajerumani walitibiwa malaria kwa dawa iliyotengenezwa Amani. Waingereza nao wakafanya hapo utafiti wa kilimo hadi 1948 ulipohamishiwa Muguga, Kenya. Majengo wakayarithi watafiti wa malaria, kana kwamba ugonjwa huo una hatimiliki ya kilima kile.

Bustani iliacha na deni. Maesopsis eminii, mti wa mbao unaokua haraka, ulitoroka ukaingia msituni. Hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu, na mpaka leo unaibana miti ya asili kama msambu, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Porini humohumo yamo maua madogo ya zambarau ya Usambara, ambayo huko Ulaya hukaa kwenye vyungu madirishani, na bundi mkubwa asiyeonekana ila katika milima michache ya Tanzania.

Uvunaji wa mbao kwa mashine, uliosaidiwa na Finland, ulikoma miaka ya 1980. Kuanzia 1991 Finland hiyohiyo ikagharimia uhifadhi. Si kila mfadhili hurudi kufuta nyayo zake.

Pale Sigi, nyumba ya stesheni ya reli ya Wajerumani sasa hupokea wageni wa hifadhi. Reli ilikwisha kung'olewa. Kinachoteremka siku hizi ni maji ya mto Sigi, yanayonywewa Tanga mjini.