Upanuzi wa viwanja vya ndege Dubai na mapingamizi ya mazingira mahakamani

Upanuzi wa viwanja vya ndege vya Dubai, Falme za Kiarabu, ni miongoni mwa miradi mikubwa ya usafiri wa anga duniani. Historia yake haina kitu ambacho miradi ya aina hiyo Marekani na Ulaya haikosi kamwe, nacho ni kesi za wakazi wanaopinga tathmini ya athari kwa mazingira. Mara nyingi sababu hutafutwa katika tabia za watu, ikidaiwa kwamba wakazi wa Dubai wameridhika au wanaogopa. Jibu la karibu zaidi limo katika sheria za utaratibu: nani anaruhusiwa kushtaki, ashtaki wapi, na kwa muda gani.

Viwanja viwili

Uwanja wa Kimataifa wa Dubai ulifunguliwa mwaka 1960, chini ya Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, ukiwa na barabara ya kurukia ya mchanga ulioshindiliwa, yenye urefu wa mita 1,800. Barabara ya lami ilifuata mwaka 1965. Mji ulikua ukauzunguka. Leo uwanja umebanwa na Garhoud, Al Twar, Al Qusais na Rashidiya, na ndege hupita juu ya Mirdif, mtaa wa nyumba za familia ambao kila anayetafuta pango huko huonywa kwanza kuhusu kelele. Mwaka 2024 ulipitisha abiria milioni 92.3 kwa barabara mbili tu za kurukia, na zimekaribiana mno kiasi kwamba haziwezi kutumika kila moja kwa uhuru wake. Msafiri wa Afrika Mashariki anaujua vizuri, awe ni mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Deira kununua mzigo au kijana wa Mombasa aliyepata mkataba wa kazi ya ulinzi.

Nafasi ya kupanua hapo imekwisha. Serikali iligeukia jangwa la kusini, karibu na Jebel Ali, ambako Uwanja wa Al Maktoum ulianza kupokea ndege za mizigo Juni 2010 na za abiria Oktoba 2013. Mwaka 2014 ulitangazwa mpango wa kuukuza kwa dola bilioni 32, lakini ukapoa. Aprili 2024 Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, mtawala wa Dubai, aliidhinisha michoro mipya: dirham bilioni 128, yaani karibu dola bilioni 35, eneo la kilomita za mraba 70, barabara tano za kurukia zinazokwenda sambamba, milango 400 ya kupandia ndege, na uwezo wa mwisho wa abiria milioni 260 kwa mwaka. Shughuli zote za uwanja wa zamani zinatakiwa kuhamia huko. Kwa mtu wa Mirdif hiyo ndiyo dawa ya kelele, nayo inakuja kwa uamuzi wa mtawala bila hukumu ya mahakama yoyote.

Sheria ya mazingira na mlango wa mahakama

Si kweli kwamba Falme za Kiarabu hazina sheria ya tathmini. Sheria ya Shirikisho namba 24 ya mwaka 1999, kuhusu kulinda na kuendeleza mazingira, iliweka sharti la kutathmini athari kabla ya mradi kupewa leseni. Lakini mazungumzo inayoyaelekeza ni kati ya mwenye mradi, washauri wake na mamlaka inayotoa kibali. Jirani hana kiti cha lazima katika mazungumzo hayo, na ripoti yenyewe haina njia ya kawaida ya kumfikia. Kwenye mradi wa uwanja wa ndege hali ni nyembamba zaidi, kwani mwenye mradi ni serikali na mtoa kibali ni serikali hiyohiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hulikosea. Falme hizo ni shirikisho tangu Desemba 1971, hata hivyo Dubai ilibaki na mahakama zake: ya mwanzo, ya rufaa, na ya kasesheni iliyo juu ya zote. Mahakama Kuu ya Shirikisho iliyoko Abu Dhabi husikiliza mambo kama migogoro kati ya emirati na emirati, au ulinganifu wa sheria na katiba. Kwa hiyo mkazi wa Dubai mwenye lalamiko juu ya uwanja wa ndege hana mahakama ya rufaa ya shirikisho ya kwenda.

Akitaka kuishtaki idara ya serikali ya Dubai, anakutana na Sheria namba 3 ya mwaka 1996 ya mashauri dhidi ya serikali. Kwanza awasilishe madai yake kwa idara ya sheria ya serikali ili yatafutiwe suluhu, na miezi miwili ikipita bila suluhu ndipo aende mahakamani. Sharti hilo ni la busara kwa mgogoro wa mkataba au deni. Kwa mradi wa ujenzi, ambao kila wiki hubadilisha sura ya ardhi, miezi miwili ya kusubiri ni mirefu. Hata akishinda, mali ya serikali haikamatwi kutekeleza hukumu. Tena mkazi mwenyewe ni nani? Wakazi walio wengi sana ni wageni, na ukaazi wao unategemea ajira au biashara. Jumuiya ya kiraia nayo haiwezi kufanya kazi bila leseni. Mtu ambaye viza yake imeshikwa na mwajiri ana mengi ya kupima kabla ya kuandika hati ya madai.

Marekani: siku 60

Nchini Marekani mambo yamepangwa kinyume. Sheria ya Taifa ya Sera ya Mazingira, iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970, inazitaka taasisi za shirikisho zieleze athari za uamuzi wao kabla ya kuutoa. Upanuzi wa uwanja unapohitaji idhini ya Mamlaka ya Shirikisho ya Usafiri wa Anga, FAA, idhini hiyo hupingwa moja kwa moja katika mahakama ya rufaa ya shirikisho, bila kupitia mahakama ya chini. Hakuna mashahidi wala ushahidi mpya. Majaji watatu husoma jalada ambalo FAA yenyewe imelikusanya. Muda ni siku 60. Anayechelewa hufungiwa nje, isipokuwa awe na sababu ya maana. Dubai miezi miwili ni muda wa kusubiri mlango ufunguliwe, na Marekani ni muda wa kuuwahi kabla haujafungwa.

Kesi ya Phoenix, Arizona, inaonyesha sababu ya maana ni ipi. Septemba 2014 FAA ilibadili njia za ndege na kuzipitisha juu ya mitaa ya kihistoria. Wakazi walilalamika, FAA ikawajibu kwa mikutano na ahadi za kuangalia upya, na siku 60 zikaisha huku watu wakingoja ahadi. Jiji na jumuiya za mitaa walifungua shauri mwaka 2015. Agosti 2017 mahakama ya rufaa ya Washington iliwasamehe ucheleweshaji, ikisema haikuwa haki kuwaadhibu kwa kuiamini FAA, na ikaufuta uamuzi kwa kukiuka sheria za mazingira na za kulinda maeneo ya kihistoria. Njia za magharibi zilirudishwa mwaka uliofuata.

Ushindi wa namna hiyo ni nadra. Huko San Bernardino, California, wanajumuiya, Sierra Club, chama cha wafanyakazi cha Teamsters na serikali ya jimbo walipinga kituo cha ndege za mizigo. Eneo hilo tayari limejaa maghala, malori na moshi. FAA ilikuwa imefanya tathmini fupi na kuamua kwamba hakuna athari kubwa. Novemba 2021 majaji wawili kati ya watatu waliikubali. Jaji wa tatu aliandika pingamizi kali kuhusu ubaguzi wa rangi katika mazingira. Kesi ya uwanja wa Burbank, Machi 2023, ilikuwa na mwisho wa ajabu kidogo: jiji la Los Angeles lilishinda hoja moja, kwamba FAA ilipima kelele za ujenzi kana kwamba mitambo haiwashwi kwa pamoja. Kosa hilo angeliona yeyote aliyewahi kuishi jirani na eneo la ujenzi. Hata hivyo mahakama iliirudisha tathmini ikarekebishwe bila kufuta kibali, na ujenzi wa jengo jipya la abiria haukuzuiwa.

Mwezi Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la reli ya Utah, iliwaagiza majaji waziheshimu zaidi taasisi katika kupima upana wa tathmini. Mlango haujafungwa, lakini umepunguzwa. Uingereza nayo ilishapita huko: Februari 2020 mahakama ya rufaa ilibatilisha sera ya barabara ya tatu ya Heathrow kwa kuacha kuzingatia Mkataba wa Paris, na Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo.

Afrika Mashariki

Kwa maandishi, Kenya imekwenda mbali kuliko Marekani. Ibara ya 70 ya Katiba ya 2010 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine ameumia, ilhali mwombaji wa Marekani lazima aonyeshe dhara linalomgusa. Ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na lipo Baraza la Taifa la Mazingira, ambalo Juni 2019 lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu baada ya rufaa ya Save Lamu. Kiini cha uamuzi ule kilikuwa ushirikishwaji mbovu wa wananchi.

Mgogoro mkubwa wa uwanja wa ndege, hata hivyo, haukupita njia ya mazingira. Mwaka 2024 kampuni ya Adani ya India ilipendekeza kukodishwa Uwanja wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30, ijenge jengo jipya la abiria na barabara ya pili ya kurukia, kwa dola bilioni 1.85. Chama cha Mawakili Kenya na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni asasi ya kiraia, walikwenda Mahakama Kuu kwa hoja za katiba, usiri na matumizi ya fedha za umma. Tarehe 9 Septemba mahakama ilisitisha mpango kwa muda. Siku mbili baadaye wafanyakazi wa uwanja waligoma na abiria wakakwama. Rais William Ruto aliufuta tarehe 21 Novemba, mara baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki Gautam Adani kwa hongo, madai ambayo kundi lake lilikanusha. Mahakama ilinunua miezi miwili na nusu, na habari kutoka New York ikamaliza kazi.

Kwa jumuiya nzima ipo Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Mwaka 2014 iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kupita kaskazini mwa Serengeti, kufuatia shauri la shirika la Kenya la kutetea wanyama, ingawa ngazi ya rufaa ilipunguza baadhi ya amri mwaka uliofuata. Mahakama hiyo nayo ina miezi miwili yake, na ni mikali kuliko siku 60 za Marekani kwa sababu haina msamaha. Asasi za kiraia zilizopinga bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga zilifungua shauri Novemba 2020. Novemba 2023 likatupwa kwa kuchelewa, baada ya miaka mitatu ya kusubiri, na hoja za mazingira hazikusikilizwa.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Lakini madai ya wakazi waliopisha upanuzi wa uwanja wa Dar es Salaam, wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni, yalihusu fidia: uthamini uliofanywa mapema, malipo yaliyochelewa, bei ya kiwanja iliyopanda wakati watu wakingoja na kukatazwa kuendeleza nyumba zao. Jengo la tatu la abiria lilifunguliwa Agosti 2019. Kelele na moshi, ambazo Los Angeles ni kiini cha shauri, Kipawa hazikupata kuwa hoja kuu, kwa kuwa aliyekuwa karibu kiasi cha kuzisikia alikuwa ameshaambiwa ahame.