Jalada, Fomu na Mfumo: Zana za Kupanga Kazi katika Ofisi za Iringa

Kihesa ni moja ya kata 18 za Manispaa ya Iringa. Iko upande wa kaskazini wa mji, kwenye barabara iendayo Dodoma, na ndani yake mna ofisi ya mtendaji wa kata, shule, huduma za afya na Chuo Kikuu cha Iringa. Kila ofisi ya aina hiyo hukabiliwa na maswali yaleyale: kazi hii ni ya nani, iishe lini, na nani atajua kwamba imekwisha. Katika utumishi wa umma maswali hayo yamejibiwa kwa zana tatu kubwa: jalada la masijala, fomu ya tathmini na mfumo wa kompyuta. Hazikupokewa sawa. Zana iliyobeba kazi ambayo watumishi walikuwa wakiifanya tayari ilishika mizizi; ile iliyoongezwa juu ya kazi ikawa mzigo wa mwisho wa mwaka.

Utawala wa maandishi ulikuja Iringa pamoja na Wajerumani, walioanzisha kituo chao hapo mwaka 1896. Walikitumia Kiswahili kama lugha ya utawala, hivyo amri na taarifa baina ya boma na viongozi wa chini ziliweza kwenda kwa lugha ambayo wenyeji wengi waliielewa au walikuwa wakijifunza. Jengo la boma linaloonekana leo mjini lilijengwa mwaka 1900 kama hospitali ya jeshi. Baadaye Waingereza waliligeuza kuwa ofisi ya utawala. Tangu mwaka 2016 ni makumbusho, kazi iliyofanywa chini ya mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa.

Waingereza ndio walioacha masijala kama inavyojulikana. Barua ikiingia hupigwa mhuri wa tarehe, huandikwa katika rejista, hupewa namba ya folio na kufungwa ndani ya jalada la mada yake. Jalada hupelekwa kwa mkuu wa ofisi, naye huandika dokezo: fulani ashughulikie. Anayeagizwa hujibu chini ya dokezo hilo, huweka sahihi na tarehe, kisha jalada hurudi. Kulikuwa pia na daftari la majalada yanayotakiwa kurudishwa mezani siku maalumu, ili jambo lililoahirishwa lisisahauliwe. Kwa hiyo jalada lilikuwa kumbukumbu na agizo kwa wakati mmoja. Mtunza masijala hakuhitaji kuwabembeleza watu walitumie, kwa kuwa bila jalada hakuna barua iliyojibiwa wala malipo yaliyoidhinishwa.

Udhaifu wake ulikuwa kwenye kuonekana. Jalada likilala mezani kwa mtu mmoja, wengine hawakujua limefikia wapi. Mwananchi aliyefuatilia shauri lake aliambiwa faili halionekani, akarudi kesho, na kesho kutwa. Hata hivyo utaratibu huo ulidumu baada ya uhuru, ukapita katika Madaraka Mikoani ya mwaka 1972, ukarithiwa na halmashauri zilizorudishwa kwa sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982. Ujuzi wake bado unafundishwa katika Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, ambacho kina kampasi pia jijini Mbeya.

Kompyuta ilifika serikalini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Wizara ya Fedha ilipata ya kwanza mwaka 1965 kwa ajili ya hesabu. Lakini wataalamu wa Kitanzania walikuwa wachache mno, hesabu zilivurugika, na kazi ikarudishwa kwenye vitabu vya mkono. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo lililegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Kwa ofisi za mikoani maana yake ilikuwa kwamba kizazi kizima cha makarani kilianza na kumaliza utumishi kikiwa na rejista, karatasi ya kaboni na mashine ya kupigia chapa. Somo la miaka ile lilikuwa zito: mashine iliyotangulia watu wanaoijua iliangusha hata kazi iliyokuwa ikienda vizuri.

Zana ya pili, fomu ya tathmini, ilitokana na mageuzi ya utumishi. Sera ya Menejimenti na Ajira ya mwaka 1999, programu ya maboresho iliyoanza mwaka 2000 na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 zilitaka mtumishi apimwe kwa matokeo. Kabla ya hapo mkuu wa kazi aliandika taarifa ya siri, na aliyeandikwa hakuiona. Mwaka 2004 ikaja OPRAS, yaani Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi. Mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka wa fedha, kuyapitia katikati ya mwaka, kisha kutathmini kufikia Juni. Kila mmoja alitoa alama na wote wawili walitia sahihi.

Wazo lilikuwa la haki, kwani lilimpa mtumishi nafasi ya kusema juu ya kazi yake mwenyewe. Tatizo lilikuwa kwamba fomu ilisimama kando ya kazi. Mwalimu aliandaa somo, akasahihisha madaftari na kujaza mahudhurio, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoingia kwenye fomu chenyewe. Muuguzi aliweka lengo ambalo utimizaji wake ulitegemea dawa ambazo hakuziagiza yeye. Alama hazikugusa kwa uhakika mshahara wala cheo. Ndiyo maana sehemu nyingi malengo na tathmini vilijazwa kwa mkupuo, karibu na siku ambayo afisa utumishi alizihitaji fomu kwa ajili ya kupandisha madaraja. Uwazi ulibaki kwenye jina.

Zana ya tatu ilihitaji kwanza njia ya kupitia. Mkongo wa taifa wa mawasiliano ulijengwa kuanzia mwaka 2009 na kuunganisha mikoa. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, ikageuzwa kuwa mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Mwaka 2017 halmashauri ziliingizwa katika PlanRep ya mtandaoni kwa ajili ya mipango na bajeti, na vituo vya huduma, zikiwemo shule na zahanati, vikaanza kutunza hesabu zake kwa mfumo wa FFARS. Ukaja pia mfumo wa Ofisi Mtandao, unaopitisha barua na majalada bila karatasi. Mfumo huo haukuwataka watumishi wasahau walichokijua: jalada lilibaki jalada na dokezo likabaki dokezo, ila sasa iliwezekana kuona liko kwa nani na limekaa siku ngapi. Udhaifu wa zamani wa masijala ulitibiwa pasipo kuivunja masijala yenyewe.

Katika mwaka wa fedha 2023/24 OPRAS iliachwa, nafasi yake ikachukuliwa na PEPMIS, mfumo wa kusimamia utendaji kazi wa watumishi wa umma. Mipango ya taasisi hushuka hadi idara, kitengo na mtu. Mtumishi huingiza majukumu yake na kuyagawa katika kazi ndogo, msimamizi huyaridhia, kisha hatua za utekelezaji hujazwa mwaka unapoendelea. Kujaza kwa mkupuo mwezi Juni kumekuwa kugumu, kwa sababu tarehe huandikwa na mfumo wenyewe.

Mapokezi yake yalisaidiwa na jambo jingine. PEPMIS iliwekwa katika lango la watumishi ambamo pia huombwa likizo na uhamisho. Aliyeingia kutafuta haki yake alikutana na wajibu wake hapohapo. Mafunzo yalishushwa kwa ngazi, kutoka wizara hadi halmashauri, na kutoka halmashauri hadi kata na shule. Mahali ambapo mwenzao mmoja aliyeelewa alikaa na wengine wakajaza pamoja, hofu ilipungua haraka kuliko mahali palipotumwa waraka peke yake. Ugumu uliobaki ni wa msingi: simu ifaayo, gharama ya bando, mtandao unaosuasua, na wasimamizi wanaochelewa kuridhia kilichowekwa na walio chini yao. Mtumishi akijaza kila wiki na msimamizi asifungue, mfumo unakuwa fomu ya mwisho wa mwaka kwa sura nyingine. Masijala iliendeshwa na madokezo ya mkuu wa ofisi, aliyefungua jalada na kuandika kabla ya aliye chini yake. PEPMIS nayo huanzia hapo: kwa msimamizi anayeingia, anayesoma na kujibu.