Upekuzi wa serikali: una thamani gani kwa mtafuta ajira wa Masasi na Newala?

Upekuzi, ambao wengi huuita vetingi, ni uchunguzi ambao serikali huufanya juu ya mtu kabla ya kumkabidhi nafasi nyeti. Huangaliwa elimu yake, uraia, mwenendo na rekodi ya makosa. Vijana wengi huamini kwamba ukishapekuliwa umepata kitu cha kudumu, kama leseni ya udereva. Kwa Tanzania sivyo.

Imani hiyo inafanana zaidi na mambo ya Marekani. Huko kibali cha kuona siri za serikali kina madaraja, na kampuni binafsi zenye mikataba na serikali huwatafuta wenye nacho na kuwalipa vizuri, maana mtu anaweza kuhama kampuni moja kwenda nyingine na kibali chake kikaendelea kutambuliwa. Kwetu upekuzi hufuata cheo. Leo unapekuliwa kwa nafasi fulani, kesho ukipendekezwa kuwa mkuu wa idara unaangaliwa upya. Hupewi kadi, na mwajiri binafsi hana pa kwenda kuuliza kama uliwahi kupita.

Thamani yake basi iko ndani ya utumishi wenyewe. Ofisi za serikali zina masjala ya wazi na masjala ya siri. Mtunza kumbukumbu anayeaminiwa masjala ya siri, au katibu mahsusi anayepokea barua za siri za mkurugenzi wa halmashauri, hupata kazi ambazo mwenzake hapewi. Mzigo nao upo: chini ya Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, kutoa siri za serikali bila ruhusa ni kosa la jinai.

Vyeti unavyoweza kutembea navyo ni vingine. Polisi hutoa cheti cha tabia njema baada ya kuchukua alama za vidole. Huombwa sana na waajiri wa nje ya nchi. Kipo pia cheti cha Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Kinasaidia kwenye ajira za vyombo vya ulinzi, lakini JKT yenyewe husema wazi kila inapoita vijana wa kujitolea kwamba haiahidi ajira.

Kwa watu wa huku kusini, penye ugumu hasa ni jina na uraia.

Tuanze na jina. Mtoto anaweza kuitwa hivi nyumbani, akatoka jandoni na jina jipya, kisha mwalimu akaandika la tatu. Hakuna kosa katika hilo, ila cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho cha NIDA vikitofautiana, maswali huanza. Rekebisha mapema, kwa kiapo mbele ya wakili au mahakamani, kabla hujaomba kazi. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi 9,932 na vyeti vya kughushi, na tangu hapo karatasi hazichukuliwi kirahisi.

Uraia ni mzito zaidi. Ukisimama ukingoni mwa uwanda pale Newala unaona bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Wamakonde wa Mueda ni ndugu wa wa huku, na vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964 viliwavusha wengi. Nyumba nyingi zina bibi au babu aliyezaliwa ng'ambo. Kuwa na bibi Mueda si hatia. Kumficha kwenye fomu ndiko kunakoharibu, kwa sababu mpekuzi akifika kijijini kwenu wazee watamweleza bila kusita. Andika alikozaliwa, na utafute nyaraka za wazazi wako wangali hai.

Mwisho ni suala la fedha. Msimu wa korosho ndipo mzazi ana hela, na ndipo inapobidi kuwa macho na mtu anayesema ana jamaa Usalama wa Taifa wa "kumpitisha" kijana. Upekuzi haulipiwi na mwombaji, na hauanzi kwa kijana kuuomba. Taasisi inayokutaka ndiyo huuanzisha. Ukiombwa fedha, piga TAKUKURU namba 113. Ni bure.